Kapu la Mjomba Mshamu

Morogoro, 4 Februari 2025

Mjomba wangu Mshamu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa kwenye cherehani, miwani imeshuka puani, na mkaza mjomba Semeni anakugombeza kwa ajili ya chai uliyoiacha ikapoa. Mimi mzima. Mama naye mzima huko Mchukwi, nimezungumza naye juzi. Anasema mihogo inaendelea vizuri ila ngiri hawampi nafasi ya kulala, na anakudai ile blauzi uliyomwahidi tangu harusi ya Shaban.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ya Mbwera naijua, Mjomba. Ukitaka kusikia lazima ukasimame gatini, na ukisimama gatini nusu ya kijiji inasikia pamoja nawe. Jambo langu bado changa, sitaki lijadiliwe na wauza samaki kabla sijalimaliza. Ndiyo maana barua hii naituma kwa mkono wa Hemedy wa boti.

Jambo lenyewe ni fildi. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa ununuzi na ugavi, na kuanzia katikati ya Julai kila mmoja wetu anatakiwa awe kwenye ofisi au ghala akifanya kazi kwa vitendo. Chuo kinatupa barua ya utambulisho tu, nafasi unaitafuta mwenyewe. Majina ya ofisi yanatakiwa chuoni mwisho wa Juni, na asiyekuwa na ofisi anarudi mwakani kusoma na wadogo zake. Mwalimu wetu Haruna ametuambia tuanze sasa, kwa sababu ofisi nyingi zinachukua watu wawili tu na hao wawili mara nyingi wanapatikana mapema.

Mimi nimeshachagua. Kibiti kuna kampuni ya Neema Ghala, wanaonunua korosho na ufuta. Wana ghala kubwa na kitengo cha ununuzi kinachoendeshwa kwa utaratibu, na nitalala kwa Mama, Mchukwi ni jirani, sitahitaji kupanga chumba. Nimeandika wasifu wangu mara nne mpaka Mwalimu Haruna akaacha kuuchora kwa kalamu nyekundu. Wiki hii nauma meno natuma.

Sikuombi kitu ila dua. Na kama unamfahamu mtu pale, nitajie jina lake tu.

Mpwa wako,
Mwanawetu


Mbwera, 22 Februari 2025

Kwa msomi wa ukoo, Mwanawetu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeipata ikiwa imelowa pembeni, Hemedy anasema ni maji ya mvua, mimi naona ni chai yake. Huku sote wazima. Mpunga wa bondeni umesimama vizuri mwaka huu, Mungu akitulinda na mafuriko tutakula mpaka tusaze. Mkaza mjomba wako amenunua bata wawili ambao wanaingia kazini kwangu na kulala juu ya vitambaa vya watu. Nimemwambia achague, mimi au bata. Bado anafikiri.

Mwambie dada yangu Maimuna blauzi imebaki vifungo.

Sasa jambo lako. Nimelisoma mara ya pili kwa sauti ili Semeni asikie, na tumecheka kidogo. Yaani msichana mwenye wazee wake wazima aende kujiombea mwenyewe kama hana kwao? Huku kwetu mtu akitaka jambo kwa watu, mkubwa wake hutangulia. Mtu akitaka mke, anatangulia mshenga. Akitaka sehemu ya kulima, anatangulia baba yake mdogo. Hata sufuria kubwa za shughuli hatumtumi mtoto kwenda kuziazima, anakwenda mama mtu mzima na anakaa kwanza, anauliza hali, halafu ndiyo sufuria inatajwa. Hiyo Neema ni watu, na watu wanaombwa kwa adabu.

Niachie mimi. Barua za kwenye kompyuta ziandike kama mwalimu wako anataka, lakini kazi yenyewe iko mikononi mwa mjomba wako. Ramadhani ikianza nitapanda boti mpaka Nyamisati, na nitafika Kibiti nimevaa vizuri. Watajua huyu mtoto ana watu.

Wewe soma. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Mjomba wako,
Mshamu, fundi


Morogoro, 6 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo na Idi njema, ingawa imeshapita. Sisi tuliila hapa hosteli na wenzangu wa Lindi na Tanga, tulipika pilau kwenye jiko la umeme lililoungua katikati, kwa hiyo nusu ya pilau ilikuwa pilau na nusu ilikuwa mchele. Mama amesema blauzi imefika na imemkaa, na kwamba fundi angekuwa mvumilivu kama alivyo hodari angekuwa tajiri.

Nimefurahi ulivyojitolea, na nimesubiri habari zako. Ila sikukaa bure, usinikasirikie. Nilituma ombi langu Neema, na wiki mbili baadaye nikapiga simu kuuliza kama limefika, kama tulivyofundishwa. Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu, akasema limefika na linaangaliwa. Nikapiga tena baada ya Idi. Safari hii alipolisikia jina langu akawa mpole kupita kiasi, akasema, "Dada, tutakujulisha." Upole ule sikuupenda.

Wenzangu wameanza kupata. Twalha amepata kwa baba yake mdogo, hata barua hakuandika. Hadija hana baba mdogo popote. Aliingia duka la jumla la vifaa vya ujenzi akiwa na wasifu wake kwenye bahasha, akamwambia mwenye duka, "Nimeona malori yenu yanashusha mzigo bila mtu wa kuhakiki. Nipe wiki nane nihakiki." Akapewa siku hiyohiyo. Nilimwonea wivu, Mjomba, sitaficha. Nikajiambia na mimi ningeweza kusema hivyo.

Ulifika Kibiti? Ulimwona nani, na alisemaje? Niandikie yote, hata kama si mazuri.

Mwanawetu


Mbwera, 29 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua huku ni ya kila siku, nguo hazikauki, na wateja wanataka nguo zao zikiwa zimekauka. Mto umepanda lakini haujatufikia. Semeni amechagua: bata wamebaki na mimi nimehamishia cherehani barazani. Binamu yako Mwanabaraka amejifungua salama mtoto wa kike, mweupe kama baba yake, na wamekataa jina nililopendekeza. Shule imenipa kazi ya sare, wanataka suruali ziwe ndefu kwa sababu watoto wanakua, na wazazi wanataka ziwe fupi kwa sababu kitambaa ni ghali, mimi niko katikati. Msikiti umepata mazulia mapya. Mzee Faraji ameuguza jino mpaka shavu likawa kama andazi, sasa amepona na amerudia kazi yake ya kuulizauliza mambo ya watu.

Kibiti nilifika. Nilipokewa. Mambo ya watu wakubwa hayana haraka, subiri.

Halafu nimefikiri, si lazima iwe Neema. Kibiti kuna sehemu nyingi, na hata Ikwiriri. Pale Neema nimepaona pana vumbi.

Soma sana na ule vizuri.

Mjomba wako,
Mshamu


Mchukwi, 18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Niko nyumbani kwa Mama kwa siku chache, chuo kimetupa mapumziko mafupi. Mama mzima, anakusalimu. Hajui ninachoandika hapa.

Nilikwenda Neema mwenyewe. Nilivaa gauni la bluu uliloniletea nikiwa kidato cha nne, nikafika asubuhi, nikaomba kumwona mkuu wa kitengo cha ununuzi. Anaitwa Bi Safina. Ni mama mtu mzima, mtaratibu, hazungumzi sana. Nilipotaja jina langu aliweka kalamu chini.

"Wewe ndiye Mwanawetu wa Mzee Mshamu wa Mbwera?"

Nilifurahi, Mjomba. Nilifikiri umenitangulizia jina zuri. Nikasema ndiye. Akainuka akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka stoo. Kwenye rafu, peke yake, lilikuwa kapu la ukindu ninalolijua, lile la mkaza mjomba lenye mistari ya zambarau. Ndani mchele, kamba wakavu wamefungwa kwenye gazeti, na kanzu nyeupe ya kola ya darizi, kazi ya mkono wako, mtu hahitaji kuambiwa. Bi Safina akasema, "Alisema hii ni ya bwana mkubwa wa hapa. Bwana mkubwa wa hapa ni mimi." Alitaka kucheka, na mimi nilitaka kucheka, halafu hakuna aliyecheka.

Akanieleza utaratibu wao. Mtu anayeomba nafasi, kazi au zabuni, akileta kitu yeye au mtu wake, ombi lake linawekwa pembeni. Nikamwambia kwetu huwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu, ile si rushwa, ni adabu. Akanijibu, "Najua, binti. Mimi ni mtu wa Mahege, hukuhuku kwetu, mama yangu hatoki nyumbani bila kitu mkononi. Lakini kesho akija mwenye nia mbaya na kapu kama hili, nitamwambia nini?" Na kinachoniuma ni kwamba swali hilo tulilisoma darasani muhula wa kwanza, na nililijibu vizuri.

Nikauliza kama kuna njia. Ipo moja. Mwenye kapu aje mwenyewe, alichukue, atie sahihi, na ombi langu litarudishwa lilipokuwa. Niliomba nilichukue mimi kwa niaba yako, akakataa. Halafu akasema jambo ambalo hukunieleza: kwamba siku ileile alikukatalia ukaliacha getini ukaondoka, kwamba alikupigia simu baadaye, na kwamba ulimwambia zawadi ikishatoka nyumbani kwako haina njia ya kurudi, ukakata.

Kwa hiyo ulijua. Tangu Machi ulijua, na mimi ukaniambia nisubiri, na kwamba pana vumbi.

Nimekasirika, Mjomba. Nasema wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenizoeza kusema. Sikasiriki kwa kapu, kapu ulilipeleka kwa mapenzi. Nakasirika kwa miezi miwili niliyoipoteza nikiamini kuna mlango uko wazi.

Najua ninachokuomba. Najua kapu linalorudi Mbwera linasemwaje: ni la watu waliopeleka posa wakakataliwa. Najua gatini watakutazama. Lakini nakuomba uende ukalichukue.

Mwanawetu


Morogoro, 9 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hemedy ameniambia kwa simu kwamba barua yangu ya Mei alikupa mkononi, na kwamba uliiweka mfukoni bila kuifungua mbele yake. Hujajibu. Nimeelewa.

Wakati nikiwa nyumbani nilizunguka sana. Kibiti nimegonga ofisi zote zenye stoo. Moja waliniambia nije mwakani. Nyingine bosi alikuwa safarini na hakuna anayejua atarudi lini. Ikwiriri kuna duka la pembejeo walinikubali kwa furaha, ila kazi yenyewe ni kukaa kaunta na kuuza, na Mwalimu Haruna amesema hiyo haitapita. Kuna kiwanda kidogo cha mafuta kimesema kitanijibu. Nimejifunza kuingia bila kusitasita mlangoni. Siku ya kwanza nilisahau hata jina la kozi yangu, sasa ninamaliza maelezo kabla mtu hajanitafutia kiti.

Nimefikiri kuhusu lile ombi langu kwako. Lifute. Usiende. Nilikutaka ufanye jambo zito ili mimi nipate jepesi, na sikuliwaza vya kutosha kabla ya kuandika. Bado nina muda mpaka mwisho wa mwezi, na kiwanda cha mafuta hakijasema hapana. Nikikosa kabisa, nitarudi mwakani na nitamaliza, basi.

Hasira imebaki kidogo. Itaisha ukiniandikia, hata ukiniandikia habari za bata.

Mpwa wako,
Mwanawetu


Mbwera, 21 Juni 2025

Mwanawetu,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, sote wazima, bata pia.

Barua ya Mei niliisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika uongo, na karatasi ziliisha. Nilimwambia Semeni wewe umeharibiwa na shule. Akaniuliza, "Kwani amesema uongo gani?" Nikarudi kwenye sare.

Ile ya Juni ndiyo iliyoniinua. Mwezi wa tano uliniambia niende, nikanuna. Mwezi wa sita ukaniambia nisiende, nikaona umeanza kunihurumia, na mimi sijafika umri wa kuhurumiwa na mtoto niliyemshonea sare ya darasa la kwanza.

Nimekwenda, juzi. Mikono mitupu. Hujui jambo hilo lilivyo, wewe umezoea mikoba. Pale getini nilijiona kama nimesahau kuvaa kitu, nikajikagua vifungo mara mbili. Mlinzi alinikumbuka akainamisha macho, kijana mwenye adabu.

Bi Safina alisimama, akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwenye kiburi, na maneno yangu yote niliyapanga kwa ajili ya kiburi, kwa hiyo hakuna hata moja lililofaa. Akasema, "Mzee, naomba radhi kwa usumbufu." Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekusumbua. Nipe kapu langu." Akaleta mwenyewe, hakumtuma mtu. Kila kitu kilikuwa vilevile, hata fundo la uzi niliofungia lile gazeti la kamba wakavu lilikuwa langu. Mtu aliyetunza mzigo wa mwenzake hivyo, siwezi kusema amenidharau. Nikatia sahihi. Akaniletea maji, nikanywa yote.

Nilipotoka nilitaka kukaa Nyamisati mpaka boti la mwisho ili nishuke watu wakiwa wameshaondoka gatini. Halafu nikajiona mjinga. Nikapanda boti la mchana lililojaa watu tunaofahamiana, kapu mapajani. Hatujafika mbali Mzee Faraji akaanza.

"Mshamu, huo si mchele wa kwetu? Mbona unarudi? Nani kakataa?"

Hemedy akapunguza mashine ili asikie. Ningeweza kusema nimenunua Kibiti, nani angejua. Nikamwambia, "Hajakataa mtu. Nilipeleka mahali pasipopokea. Mpwa wangu kanituma nikalichukue, nimekwenda nimelichukua."

Akasema, "Ati! Siku hizi mtoto anamtuma mkubwa?"

Nikamwambia, "Huyu wa kwangu ananituma. Wa kwako akikutuma, utakwenda?"

Hakuuliza tena mpaka gatini. Watu wamesema, na wataendelea kusema mpaka wapate lingine. Kanzu inamkaa imamu, nimempa.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilikwambia mkubwa hutangulia. Bado naamini hivyo. Nilikuwa sijui kwamba safari hii kutangulia kwangu ni kuondoa kilichozuia njia. Sasa njia iko wazi, ila kama watakuchukua au hawatakuchukua sijui, na sikumuuliza yule mama. Hilo ni lako. Nenda kaseme mwenyewe, unajua kusema.

Na ile habari ya vumbi, hapakuwa na vumbi.

Mjomba wako,
Mshamu


Mchukwi, 20 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima na anakusalimu sana. Ngiri wamehamia shamba la jirani, anasema anawaombea wakae hukohuko. Mkaza mjomba umpe shikamoo yake peke yake, na umwambie neno lile alilokuuliza nimelipenda.

Nimepata. Naandika polepole ili uisome polepole: nimepata nafasi Neema Ghala, na kesho naanza wiki ya pili.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tano Juni, nikapanda basi siku iliyofuata. Tulikuwa watu sita tunagombea nafasi mbili. Bi Safina alitupeleka ghalani, akatuonyesha magunia ya ufuta yaliyopangwa, akatuuliza tunaona nini. Wenzangu walisema mambo ya kitabuni, mazuri tu. Mimi niliona magunia ya safu ya chini yamegusa ukuta, na ukuta una unyevu, nikasema mzigo huu utaharibika nyuma huku mbele unaonekana mzuri. Nimelelewa kwenye nyumba za mpunga, unyevu naujua kwa harufu. Kiwanda cha mafuta nacho kilinijibu, kwa hiyo ningekuwa na pa kwenda, lakini nilipataka Neema na nimepapata.

Aliponiita kuniambia, alisema nisije nikafikiri nimechukuliwa kwa sababu ya mjomba wangu. Kapu lilipoondoka nilirudi kwenye foleni tu kama wengine. Nikamwambia najua. Na hasira imeisha, nilitaka uisikie hiyo kutoka kwangu.

Kazi ni nyingi, msimu wa ufuta umechanganya. Nakagua mzigo unaoingia, naandika, nabishana na madereva kwa heshima. Lakini juzi lilitokea jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alikuja mzee mmoja wa bara huku, na ufuta wake unasubiri kupimwa, na mkononi jogoo mkubwa amefungwa miguu. Akaulizia bosi. Bi Safina alikuwa dirishani. Alinitazama, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikatoka. Nikampa shikamoo, nikamuuliza hali, mvua, safari, mpaka akatulia. Halafu nikamwambia, "Baba, tumeshukuru, lakini hapa hatupokei kwa mtu yeyote. Ufuta wako utapimwa zamu yako ikifika, kama wa mwingine."

Uso wake ulibadilika, Mjomba. Hakunitazama mimi, alitazama foleni. Wote walimwona anaingia na jogoo, na sasa watamwona anatoka naye. Zamani ningedhani ameudhika tu na jibu langu.

Nikamwomba anipe jogoo nimbebee. Akasita, akanipa. Tukapita katikati ya foleni, yeye mbele, mimi nyuma yake na jogoo kwapani ananipigapiga mbavu, tukizungumza habari za mashamba kwa sauti, mpaka pale alipoegesha baiskeli. Nikamfunga jogoo mwenyewe kwenye kiti cha nyuma. Waliokuwa wakitazama waliona ofisi inamsindikiza mgeni wake.

Akanishukuru, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamwambia mimi ni mpwa wa Mshamu, fundi wa Mbwera.

Mwanawetu